Fidla na Piano katika Ukumbi wa Uroa

Katika makala haya nakusudia kulieleza onyesho moja la muziki nililolihudhuria katika kijiji cha Uroa, na kulipima kama tunavyolipima shairi: kwa kutazama lilivyojengwa, lilivyosemwa na lilivyopokewa. Wapigaji walikuwa vijana wawili tu, mmoja wa fidla na mmoja wa piano. Hapakuwa na mwimbaji wala ngoma. Baadhi ya walimu waliniuliza baadaye kama jambo hilo lina mahali katika utamaduni wa taifa letu, nao walikuwa na haki ya kuuliza. Jawabu langu ni kwamba mahali lina, lakini kwa sharti. Na sharti lenyewe sikulijua mpaka nilipokwisha kufanya kosa.

Uroa iko katika pwani ya mashariki ya Unguja, kiasi cha kilomita 40 kutoka mjini kwa njia ya Dunga na Chwaka. Maji yakitoka, bahari yake hurudi nyuma mbali sana, na wanawake hushuka kuhudumia mwani, zao ambalo kilimo chake cha biashara kilianza katika pwani hiyo mwaka 1989. Wengine hutafuta pweza miambani. Mtu aliyeinama majini tangu asubuhi hatoki kwake usiku kwa jambo asilolijali. Hata hivyo usiku ule ukumbi ulijaa, na wazee walipewa viti vya mbele. Piano iliyoletwa ilikuwa ya umeme. Ile ya asili ina nyuzi zaidi ya 200 zilizokazwa juu ya chuma kizito, na hewa ya chumvi haiipendi. Fidla ina nyuzi nne tu, na mwenyewe huibeba kwapani.

Kazi ya kuwakaribisha watu nilipewa mimi. Nikasimama mlangoni, nikawaeleza adabu ya muziki ule kama nilivyoisoma vitabuni: wasipige makofi kati ya sehemu na sehemu, wasizungumze, wala wasiinuke kwenda kuwatunza wapigaji. Watu wakaitikia kwa upole, kama wanavyoitikia kila afisa anayetoka mjini na karatasi mkononi. Nitayarudia maneno yangu hayo mbele.

Kabla ya kuendelea, yafaa tujue muziki wenyewe ni wa namna gani. Muziki wa watu wawili, watatu au wanne, kila mmoja akiwa na sehemu yake peke yake, una historia ndefu katika Ulaya. Kwa lugha yetu tunaweza kuuita muziki wa sebuleni, kwani ulianza kupigwa katika sebule za nyumba kubwa, mbele ya wageni wachache. Hapo kale fidla haikuwa na cheo kikubwa mbele ya kinanda. Katika karne ya 18 sonata nyingi za vyombo hivi viwili ziliandikwa hasa kwa ajili ya kinanda, na fidla ikafuata nyuma kama msaidizi. Hata sonata alizozitunga Mozart utotoni zilichapishwa kwa sura hiyo. Polepole watungaji wakaipandisha fidla mpaka ikawa mwenzi. Ludwig van Beethoven, Mjerumani aliyeishi Vienna, aliandika sonata 10 za piano na fidla, na ndani yake ule usawa wa vyombo viwili ukakamilika.

Katika historia hiyo liko jambo ambalo wanafunzi wetu hawana budi kulijua. Sonata ya tisa katika hizo 10, iliyo ngumu na mashuhuri kuliko zote, ilipigwa kwa mara ya kwanza Vienna tarehe 24 Mei 1803. Beethoven mwenyewe alikaa kwenye piano. Fidla ilishikwa na George Bridgetower, kijana aliyezaliwa Poland, ambaye baba yake alikuwa mtu mweusi mwenye asili ya Afrika na mama yake Mzungu. Kazi ilimalizwa kwa haraka, hata sehemu ya pili Bridgetower aliisoma katika mwandiko wa mtungaji mwenyewe. Jina la kwanza kuandikwa juu ya sonata hiyo lilikuwa la Bridgetower. Baadaye, kwa masimulizi aliyoyatoa mwenyewe, wakagombana. Sonata ilipochapwa mwaka 1805 ilitolewa kwa heshima ya Rodolphe Kreutzer, mpigaji wa Kifaransa, ambaye inasemekana hakuipiga kabisa mbele ya watu. Hata leo dunia inaiita kwa jina la Kreutzer. Siyaelezi haya ili tujipe umiliki wa kazi isiyo yetu. Nayaeleza kwa sababu msemo wa kuwa muziki huu ni wa Wazungu peke yao hauelezi ukweli wote: mkono wa kwanza ulioutia uhai ule wino ulikuwa wa mtu mwenye damu ya Afrika.

Vijana wetu wa Uroa hawakuichagua sonata hiyo ya tisa, na walifanya vyema. Walichagua ya tano, iliyotoka mwaka 1801, ambayo watu wa baadaye waliipa jina la majira ya kuchipua. Ina sehemu nne. Mwanzo wake ni darasa zuri kwa mwalimu yeyote. Fidla inaanza na wimbo mrefu, laini, na piano chini yake inatembea kwa hatua ndogondogo, kama mtu anayemshikia mwenzake taa njiani. Wimbo ukisha, mambo yanageuka: piano inauchukua wimbo ule ule, na fidla inashuka kushika taa. Hakuna anayenyang'anywa wala anayelala. Wapenzi wa ushairi wetu watalitambua jambo hili mara moja. Ndivyo wanavyofanya malenga wawili wanaojibizana: wa pili huipokea bahari ya mwenziwe na vina vyake, akavirudisha vikiwa na maana mpya.

Mpigaji wa fidla aliipiga sehemu hiyo kwa sauti safi na upinde mrefu usiotetemeka. Kwa mpigaji wa piano nina la kulaumu. Mahali alipopewa wimbo aliupiga vizuri, lakini alipotakiwa kushika taa aliendelea kusema kwa sauti ile ile. Spika iliyotundikwa juu yake ilimwongezea nguvu asiyoihitaji, na uzi wa chini wa fidla, ambao sauti yake ni nzito na ya siri, ukafunikwa mara kadhaa. Katika muziki huu hilo si kosa dogo. Mwenye piano ana vibao 88 na vidole 10, aweza kujaza chumba peke yake, na kwa sababu hiyo hasa anatakiwa awe mwepesi wa kunyamaza.

Sehemu ya tatu ni fupi sana na ina mzaha ndani yake. Piano inatangulia, na fidla inaifuata kwa kuchelewa pigo moja, kana kwamba imepotea njia na inakimbia kuufikia msafara. Watoto waliokaa chini mbele wakacheka. Kisha wakacheka wanawake wa nyuma. Mimi nikageuka nikawatazama kwa jicho la ukali, wakanyamaza. Nilipofika nyumbani na kuyatafakari, nilitahayari. Mzaha ule mtungaji aliuweka kwa makusudi, na watu wa Uroa, ambao wengi wao hawakupata kumsikia Beethoven hata siku moja, waliuelewa papo hapo. Katika ukumbi mzima, mtu ambaye hakuuelewa alikuwa yule aliyewatuliza.

Baada ya mapumziko walipiga nyimbo zetu. Hapo ndipo jambo kubwa la usiku ule lilipotokea, na ili lieleweke lazima kwanza tuitazame njia iliyoileta fidla kwetu.

Fidla pia ni mgeni Unguja. Nchini Misri, mwishoni mwa karne ya 19, ilikuwa imekwisha kukaa mahali pa chombo cha zamani cha kusugua kwa upinde, na hata jina lake, kamanja, ikalirithi. Masimulizi yanayojulikana yanaeleza kwamba Sultani Barghash, aliyetawala kati ya 1870 na 1888, alipendezwa na muziki wa Misri akampeleka Mohamed bin Ibrahim huko kujifunza kanuni. Mwaka 1905 kikaundwa chama cha Ikhwani Safaa, ambacho kimeuhifadhi muziki huo kwa zaidi ya karne moja. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, aliutoa muziki huo majumbani mwa wakubwa akautia katika Kiswahili cha watu wote. Na alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri, sauti ya fidla ilikuwa pamoja naye. Tangu hapo hakuna aliyeuliza tena fidla ni ya nani.

Piano haikupata bahati hiyo, na sababu yake si chuki. Sababu imo katika umbo la vyombo vyenyewe. Shingo ya fidla ni tupu. Haina alama za chuma zinazomlazimisha mpigaji kusimama mahali pamoja. Kidole kikisogea kidogo, sauti husogea kidogo. Katika nchi za Kiarabu wapigaji hata hurekebisha nyuzi zake kwa namna isiyo ya Ulaya ili ziafikiane na nyimbo zao. Nyimbo za taarab za asili hufuata makamu, yaani njia za sauti, na baadhi ya makamu hizo, kama rasti na bayati, zina sauti inayokaa baina ya vibao viwili vya piano. Fidla inaifikia sauti hiyo. Mwimbaji anaifikia. Piano ya kawaida haina mlango wa kuingilia hapo. Mkutano mkubwa wa muziki wa Kiarabu uliofanyika Cairo mwaka 1932 ulijadili sana jambo hili, na piano zenye sauti za robo zilitengenezwa na kuonyeshwa, lakini hazikuenea. Fidla ilikaribishwa kwa kuwa iliweza kujifunza lugha ya mwenyeji. Piano ilibaki barazani kwa kuwa ilijua lugha moja.

Iko tofauti nyingine. Katika taarab ya asili, fidla, udi, kanuni na nai hushika wimbo mmoja kwa pamoja, kila chombo kikiupamba kwa namna yake, na mwimbaji akipumua vyombo humjibu. Katika sonata kila chombo kina jambo lake, na uzuri hutoka katika kukutana kwa mambo mawili yasiyofanana. Basi anayeweka piano chini ya wimbo wa taarab anachanganya desturi mbili za kusema, na asipokuwa mwangalifu atapata kelele.

Ndivyo ilivyoanza kutokea Uroa. Wimbo wa kwanza ulikuwa wa zamani, wa makamu ya bayati, na wazee waliutambua kabla ya ubeti wa kwanza kwisha. Fidla ilipofika kwenye ile sauti ya kati, ikashuka juu yake kwa upole kama ipasavyo. Piano nayo ikapiga kibao kilicho karibu. Sauti mbili zikagongana, na katika viti vya mbele mzee mmoja akafumba macho kama mtu aliyeuma changarawe katika wali. Ubeti ukaisha. Nilimwona mpigaji wa piano akimtazama mwenzake. Katika ubeti wa pili, kila walipoikaribia sauti ile, aliinua mkono wa kulia na kuiacha nafasi wazi. Mkono wa kushoto ukabaki kushika mdundo peke yake, mbali chini. Fidla ikapita pale peke yake. Katika ubeti wa tatu akaongeza jambo jingine: sauti ya fidla ikisha, alijibu kwa sauti tatu au nne tu, kama kibwagizo kifupi, kisha akanyamaza tena. Kijana yule aliyelemea katika Beethoven alijifunza katika bayati kile alichotakiwa kukifanya katika Beethoven.

Kwa maoni yangu hiki ndicho kipimo cha onyesho zima. Watu wa Mji Mkongwe wanajua kwamba katika kichochoro chembamba hapiti aliye mnene zaidi bali wote wawili hupita, kwa kuwa kila mmoja hugeuza bega. Piano iligeuza bega. Haikuwa tena mgeni anayekaa mahali pa mwenye nyumba.

Hapo ndipo bi mkubwa mmoja alipoinuka kutoka safu ya pili, noti mkononi, akaanza kwenda kwa mpigaji wa fidla kwa mwendo wa kutunza, polepole, bega likifuata wimbo. Nikamwendea nikamwambia, "Shikamoo bi mkubwa. Muziki huu hautunzwi." Akasimama, akanitazama, akasema, "Mwanangu, amenipigia ubeti wangu. Nimnyamazie?" Nami, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kutangaza sheria mlangoni, nikamwonyesha kiti. Akarudi akakaa. Wimbo ukaisha, watu wakapiga makofi, lakini uso wa ukumbi ulikuwa umebadilika. Kila mtu alikuwa amekumbushwa kwamba shughuli ile ilikuwa ya wengine.

Kosa langu halikuwa kupenda utulivu. Utulivu mbele ya muziki usio na maneno si jambo la kigeni kwetu. Taarab ya zamani ilifunguliwa kwa bashrafu, kipande kirefu cha vyombo peke yake chenye asili ya Kituruki na Kimisri, na watu walikaa wakakisikiliza kwa makini. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba adabu ni moja, na kwamba iko katika kitabu nilichokisoma mimi. Kwa Beethoven utulivu ulifaa, isipokuwa mahali pa kucheka. Kwa bayati, kutunza ndilo jawabu la msikilizaji. Ni sehemu ya wimbo, kama kiitikio. Niliwataka vijana wawili wapishane, lakini mimi sikuwapisha wenyeji.

Mwalimu Julius Nyerere, alipolihutubia Bunge kama Rais wa kwanza wa Tanganyika tarehe 10 Desemba 1962, alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, akasikitika kwamba tulifundishwa kuona haya kwa ngoma zetu. Lakini katika hotuba hiyo hiyo alionya pia kwamba kuufufua utamaduni wetu si kuzikataa tamaduni za wengine. Maonyo hayo mawili huenda pamoja. Wapo wanaosikia la kwanza tu, wakataka piano irudishwe ilikotoka. Wapo wanaosikia la pili tu, wakadhani kijiji kimeendelea kwa kuwa kimekaa kimya mbele ya sonata.

Hatari ya kweli, kwa maoni yangu, iko kwingine. Tangu mwanzo wa miaka ya 1990 taarab ya kisasa, ambayo East African Melody ni miongoni mwa vikundi vilivyoieneza, imeegemea kinanda cha umeme. Chombo hicho kinaiga sauti ya fidla, ya nai na ya ngoma. Mtu mmoja hukaa mahali walipokaa watu wengi, na safu ya fidla iliyokuwa fahari ya vikundi vikubwa haihitajiki tena. Sisemi kwamba muziki huo hauna ladha. Watu wanaupenda, nao wana sababu zao. Nasema kwamba kinanda kinachoiga fidla hakimwachii mtu wa fidla nafasi. Piano ya Uroa, ilipojifunza kunyamaza, ilimhitaji mwenzake zaidi kuliko mwanzo. Vyombo hivi viwili ni ndugu kwa umbo, lakini mmoja hufanya mpigaji mwingine awepo na mmoja humwondoa.

Kwa hiyo naona haja ya fidla kufundishwa kwa bidii. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichofungua milango yake Mji Mkongwe mwaka 2002, kimewafundisha vijana fidla, udi na kanuni, na piano pia, chini ya paa moja. Mpigaji fidla mashuhuri Mohamed Issa Matona ni miongoni mwa waliofundisha huko. Kijana aliyelelewa katika nyumba yenye vyombo vyote hivyo ana fursa ya kujua ni wapi piano iseme na ni wapi inyamaze. Fursa hiyo haimfikii bado mtoto wa Uroa, wa Makunduchi au wa Nungwi kwa wepesi, na hilo ni jukumu letu sote tuliokabidhiwa kazi za utamaduni.

Walimu wa sekondari wasiokuwa na piano wala fidla wasikate tamaa. Somo hili laweza kufanywa kwa sauti tupu. Wachukue wanafunzi wawili na ubeti mmoja wa mizani 16, nane kwa nane. Wa kwanza aimbe kipande cha kwanza, wa pili ampokee cha pili, kisha wageuze. Halafu wa pili aambiwe amjibu mwenzake kwa sauti nne tu, mahali pale pale mwenzake anapopumua, asimfunike. Darasa litaona mara moja ni yupi anayesikiliza na ni yupi anayengoja zamu yake. Na wanafunzi wengine waulizwe: mmeguswa wapi, na mlitaka kufanya nini mlipoguswa? Majibu yao yaandikwe ubaoni bila kusahihishwa.

Ama mimi, nimekwisha kuyabadili maneno yangu ya mlangoni. Nikikaribisha watu tena Uroa kwa muziki kama ule, nitawaeleza kwamba kipande cha kwanza kina sehemu nne, na kwamba katika ya tatu kuna mzaha, basi anayetaka kucheka acheke. Zitakapofika nyimbo zetu nitakaa kitini. Na yule bi mkubwa, kama atakuwa na noti mkononi, atanikuta nimeipisha njia.